Kukimbia Songea: Njia, Salamu na Mahali pa Kupunguza Mwendo

Kijijini mtu mzima hakimbii bure. Akionekana anakimbia alfajiri, watu huuliza nani amefariki, nyumba ya nani inaungua, au mwizi amepitia wapi. Kwa hiyo wewe unayetaka kufanya mazoezi ya mbio kwenye vijiji vinavyouzunguka mji wa Songea, anza na hilo kabla hujauliza habari za raba na kilomita. Ukipita mbio mbele ya nyumba ya watu, wenye nyumba watashtuka, na kuwaondolea hofu ni kazi yako. Inua mkono ungali mbali, punguza mwendo, toa salamu, sema "niko mazoezini." Siku ya tatu watakuzoea. Ukikosa kupita wiki nzima wataulizana kama unaumwa.

Namwandikia mtu aliyehamishiwa Songea kikazi, mwanachuo, kijana aliyekuja likizo kwa wazazi, na hata mzaliwa wa hapa ambaye hajatoka nje ya lami kwa miguu tangu amalize shule. Mchakamchaka wa shuleni tuliukimbia kwa kuamriwa, mwalimu akiwa nyuma na fimbo, na wengi wetu tukaapa kutokimbia tena. Ni hasara. Ukitoka mjini kwa dakika chache tu, iwe kwa upande wa Matogoro, Chandamali au barabara ya Mbinga, unaingia kwenye njia za miguu za udongo mwekundu, zinazopita kati ya mashamba ya mahindi, migomba, na mabaki ya misitu ya miombo. Kelele za bodaboda zinabaki nyuma. Unasikia jogoo, jembe, na pumzi yako.

Kwanza saa. Songea iko magharibi zaidi kuliko Dar es Salaam lakini tunatumia saa ile ile, kwa hiyo jua letu huchelewa. Mwezi Juni linachomoza karibu saa 12:50 asubuhi. Aliyezoea kutoka saa 11:30 atakimbia gizani saa nzima. Desemba linachomoza muda mfupi baada ya saa 12. Ngoja mwanga. Gizani huoni shimo, huoni nyoka aliyelala njiani, na mwenye nyumba haoni kama wewe ni mkimbiaji au mtu mwingine.

Kisha hewa. Mji uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Anayetoka pwani atashangaa wiki ya kwanza: miguu inataka kwenda, kifua kinakataa. Usishindane nacho. Panda vilima kwa kutembea, kimbia sehemu za tambarare, na kwa wiki mbili za mwanzo pima safari yako kwa dakika, usihesabu kilomita. Kilomita moja ya lami na kilomita moja ya kupanda kwenye utelezi wa Machi ni vitu viwili tofauti, na saa ya mkononi haiijui tofauti hiyo. Kanuni yangu ni rahisi: ukipanga kukimbia dakika arobaini, dakika ya ishirini geuka popote ulipo, hata kama mbele kunavutia.

Majira huku ni mawili tu. Mvua huanza mwishoni mwa Novemba au Desemba na kuishia Aprili. Miezi mingine ni kiangazi. Wakati wa mvua udongo hunata kwenye soli mpaka kila mguu unakuwa na uzito wa tofali, na madaraja ya magogo kwenye vijito huteleza kama sabuni. Februari na Machi mahindi yamekuwa marefu kuliko mtu, njia zimejificha, na kwenye kona unaweza kumkumba mama mwenye ndoo kichwani. Kabla ya kona, piga hodi kwa sauti. Usione haya: ndani ya mahindi hodi inafaa kama inavyofaa mlangoni. Mei na Juni, mavuno yakianza, mashamba hufunguka na unaona mbali. Hiyo ndiyo miezi bora kwa anayejifunza njia, ingawa Juni na Julai baridi itakutaka uvae sweta kwa robo saa ya mwanzo. Kuanzia Agosti watu huchoma nyasi. Ukiona moshi mbele, rudi. Usijaribu kuupita kwa mbio, maana upepo hugeuka. Ila Septemba na Oktoba, kabla tone la mvua halijadondoka, miombo huchipua majani mekundu na ya rangi ya shaba. Kwa macho yangu hakuna wakati mzuri zaidi wa kuwa porini mkoani Ruvuma.

Kuhusu vifaa sitasema mengi. Raba za mtumba zinatosha kabisa. Kagua soli kama bado ina meno, na ikunje uone kama haijakauka. Chukua maji, shilingi elfu kadhaa za nauli, na simu yenye chaji. Vaa nguo ya rangi inayoonekana mbali. Kwa akina dada, na hata kwa akina kaka, bukta ndefu inayofika magotini itakupa amani vijijini kuliko kaptura fupi, na kanga nyepesi iliyokunjwa kwenye begi haina uzito. Dada, usikimbie peke yako kwenye njia usiyoijua. Tafuta mwenzako, au toka pamoja na kikundi cha mazoezi cha mtaani kwako.

Barabarani kimbilia upande wa kulia. Magari yetu hupita kushoto, kwa hiyo ukiwa kulia unalitazama gari linalokuja. Barabara zinazoingia mjini, ya Njombe, ya Mbinga na ya Tunduru, zina mabasi yanayowahi na malori yasiyokuhesabu. Ukisikia honi, toka kabisa kwenye lami, ukanyage majani.

Mbwa ukimkuta, acha kukimbia. Simama, kisha tembea bila kumpa mgongo, mwite mwenyewe. Ukiinama kama unayeokota jiwe, wengi hurudi nyuma. Akikuuma, osha jeraha kwa maji mengi na sabuni kwa dakika kumi na tano na uende hospitali siku hiyo hiyo kwa chanjo ya kichaa cha mbwa, hata kama kidonda ni kidogo na mwenye mbwa anaapa kwamba mbwa wake ni mzima. Kwa nyoka, dawa ni kutokanyaga usipopaona. Ukiumwa, usichanje, usifunge kamba ya kukaza, usikimbie. Kaa utulie watu wakuletee usafiri.

Sasa njia zenyewe.

Siku ya kwanza nenda Mahenge, hapa hapa mjini, na uende kwa kutembea. Hapo ndipo ilipo Makumbusho ya Taifa ya Maji Maji, yaliyofunguliwa mwaka 1980, na hapo ndipo walipozikwa mashujaa walionyongwa na Wajerumani tarehe 27 Februari 1906. Walikuwa zaidi ya 60, wakiwemo Nkosi (mtawala wa Wangoni) Mputa Gama na manduna (majemadari) wake, na wengi wao walilazwa kwenye kaburi moja. Nduna Songea Mbano, ambaye mji umechukua jina lake, ana kaburi lake pembeni. Simulizi za ukoo wake na za mji huu zinasema kichwa chake kilikatwa na kupelekwa Ujerumani. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alikuja akasimama mahali hapo, akaweka maua na kuomba msamaha.

Nakutuma huko kwanza kwa sababu ya mkimbiaji, wala si kwa sababu ya utalii. Wajerumani waliweka boma lao hapa mwaka 1897. Vita vya Maji Maji vilipofika Ungoni, nchi ya Wangoni, mwaka 1905, jeshi lao halikuridhika na risasi: lilichoma vijiji, likachoma mahindi shambani na ghalani, na njaa iliyofuata iliua watu wengi kuliko bunduki. Maana yake ni kwamba unapopita mbio kati ya mahindi ya Lilambo au Peramiho, unapita kwenye ardhi ambayo mahindi yake yaliwahi kuchomwa makusudi ili wenyeji wake wafe. Wazee bado wanasimulia walivyosikia kwa babu zao. Mtu anayelijua hilo hakanyagi tuta la mtu ili kufupisha njia. Anazunguka.

Kwa hiyo ndani ya uwanja wa makaburi usikimbie, hata polepole. Lipa kiingilio, msikilize mwongozaji, waulize walinzi ni wapi pa kuegemeza begi. Ukitoka nje ya uzio, ndipo ufunge kamba za raba. Kutoka Mahenge unaweza kuzunguka mitaa ya kati ya mji na kurudi kwa kupitia uwanja wa Majimaji. Ni njia ya lami na vumbi, inafaa kwa mwanzo na kwa siku za mvua kubwa, basi.

Njia ya pili ni Chandamali. Ni kilima kinachoonekana kutoka mjini, na ndani yake kuna pango ambalo simulizi zinasema Nduna Songea alilitumia kama maficho na mahali pa kupanga mambo yake. Kukimbia mpaka chini ya kilima ni kazi nyepesi. Kupanda ni kwa miguu na mikono. Muombe mtu wa makumbusho akuelekeze au akupe mwenyeji wa kuongozana naye, kwa sababu njia za kupandia zinagawanyika na nyasi huzifunika. Juu, kaa kidogo. Utauona mji wote kwenye bakuli lake, na safu ya Matogoro ikiwa imeufunga upande wa mashariki. Ukiwa hapo unaelewa kwa nini mtu wa vita alipapenda: anayekuja huonekana kabla hajafika. Kushuka ni hatari kuliko kupanda. Magoti yakunje kidogo, hatua ziwe fupi, na usisikilize kijana atakayekupita akiruka mawe kwa kandambili. Yeye amezaliwa hapo.

Watu waliokuja na akina Songea walikuwa watembeaji wakubwa kuliko mkimbiaji yeyote wa leo. Wangoni walitoka kusini mwa Afrika wakiongozwa na Zwangendaba, wakavuka mto Zambezi mwaka 1835, wakaenda kaskazini mpaka Ufipa. Alipofariki wakagawanyika, na baadhi yao wakashuka mpaka huku. Walikuja na watoto, wazee na ng'ombe, wakitembea na kutua kwa miaka mingi. Ukichoka kilomita ya nane, wafikirie.

Matogoro ni ya siku unayotaka ukimya. Ni milima yenye msitu wa hifadhi, na humo ndimo unamoanzia mto Ruvuma, ule ule unaokwenda kuwa mpaka wetu na Msumbiji na kuingia Bahari ya Hindi baada ya safari ya kilomita 800 hivi. Kwenye chanzo ni maji madogo tu, unaweza kuyavuka kwa hatua moja. Usiyavuke kwa raba zenye matope, wala usioshe miguu humo. Maji ya milima hii ndiyo wanayokunywa watu wa mjini, na ya chini zaidi wanakunywa wengine ambao hutawaona kamwe. Kabla ya kuingia msituni, toa taarifa ofisi ya misitu au kwa uongozi wa mtaa, na nenda na mwenzako. Porini utakuta mizinga ya nyuki imetundikwa juu ya miti. Pita mbali nayo bila kelele. Novemba hadi Januari utakuta masuku yameiva na watoto wanayaokota. Nunua kwao, watafurahi.

Kwenye njia hizi hakuna alama. Kule Hispania, mahujaji wanaokwenda Santiago de Compostela hufuata mishale ya njano na alama ya kombe la baharini kuanzia kijiji hadi kijiji, na hawana haja ya kumuuliza mtu. Huku lazima uulize, na kuuliza kuna adabu yake. Usimpazie sauti mzee kutoka mbali ukiwa unarukaruka mahali pamoja ili misuli isipoe. Simama kabisa. "Shikamoo, babu." Ngoja akujibu, akuulize umetoka wapi na huko wazima, umjibu, ndipo uulize njia. Dakika mbili zimekwenda na mapigo ya moyo yameshuka, acha yashuke. Akikwambia ni "hapo tu," usishangilie. Hapo tu ya mtu aliyezoea kutembea shambani kilomita sita kila siku ni pengine nusu saa ya mbio zako. Uliza badala yake: "Nikitoka hapa kwa miguu nitafika saa ngapi?" Jibu hilo huwa la kuaminika. Usiulize pia swali linaloweza kujibiwa ndiyo, kama "njia hii inakwenda Peramiho?" Kwa ukarimu utajibiwa ndiyo. Uliza: "Njia ya Peramiho ni ipi?"

Na Peramiho ndiyo safari kubwa. Ni kilomita 24 hivi kutoka mjini kwa barabara ya Mbinga. Usiijaribu kabla hujaweza kukimbia saa mbili bila kuumia siku inayofuata. Toka na mwanga wa kwanza, na panga kurudi kwa daladala. Kwenda na kurudi kwa mbio ni kwa wachache. Barabara inapanda na kushuka mabonde, kila bonde lina kijito na bustani za mboga, na kila mwinuko una nyumba za tofali za kuchoma. Likuyufusi ndipo panapogawanyika njia ya Mkenda, mpakani na Msumbiji; hapo kuna watu, kuna chai na maandazi, na ukijisikia umeishiwa nguvu panda gari bila aibu. Aliye bado na miguu aendelee hadi njia panda ya Peramiho.

Utaanza kuliona kanisa kabla hujafika. Wamisionari Wabenediktini walianza kituo hicho mwaka 1898, na mwanzilishi wake alikuwa padre Cassian Spiss, ambaye baadaye akawa askofu Dar es Salaam. Mwaka 1905, vita vya Maji Maji vilipoanza, aliuawa njiani upande wa Liwale akiwa safarini kuja huku, na misheni ya Peramiho ikachomwa moto. Ilijengwa upya, ikazaa abasia, hospitali inayotegemewa na kusini nzima, kiwanda cha uchapaji na shule ya ufundi ambayo maseremala na waashi wake wamesambaa nchi nzima. Mbio zako zimeanzia kwenye kaburi la walionyongwa na zinaishia kwenye nyumba iliyochomwa na watu wa upande wao, katika vita vile vile. Sijui njia nyingine ya asubuhi moja nchini inayobeba mambo mawili kama hayo, na ndiyo maana nasema hii ni njia bora ya mkimbiaji mkoani Ruvuma, ingawa inapita kwenye lami.

Ukiingia Peramiho, acha mbio getini. Kuna wagonjwa, kuna watu wanaosali. Vua fulana iliyoloa, vaa safi uliyoibeba, jifunge kanga kama umevaa bukta, ndipo uingie kanisani. Kisha tafuta uji wa moto na viazi vitamu, kunywa maji taratibu, kaa chini nusu saa kabla ya kupanda gari.

Ukishazoea hizo, kuna nyingine za kujitafutia. Bustani ya wanyamapori ya Luhira iko ndani ya manispaa, ila humo utatembea kwa utaratibu wa wenyewe. Litowa, kijiji ambacho vijana wa TANU walikianzisha mwaka 1960 na ambacho kilikuwa kitovu cha Chama cha Maendeleo Ruvuma mpaka kilipovunjwa mwaka 1969, kinastahili siku nzima na mzee wa kukusimulia. Porini kusini mwa Namtumbo usiende kukimbia kabisa: ni mapito ya tembo kati ya Selous na Niassa. Anayependa kushindana aulize habari za tamasha la Majimaji Selebuka, ambalo limekuwa na mbio ndefu mjini hapa. Na popote penye kambi ya jeshi, au karibu na kiwanja cha ndege cha Ruhuwiko, usikate njia na usitoe simu kupiga picha.

Mambo mawili ya mwisho ya barabarani. Ukikutana na msafara wa msiba, simama kando, vua kofia, subiri mtu wa mwisho apite. Ukikutana na watoto wa shule wakakufuata mbio, kimbia nao kwa mwendo wao mpaka mahali wanapogeukia.

Na iko siku moja ambayo raba hubaki nyumbani. Kila mwaka mwishoni mwa Februari watu hukusanyika Mahenge kuwakumbuka walionyongwa, na kilele chake ni tarehe 27. Siku hiyo njoo kwa kutembea, umevaa nguo ya heshima. Ni katikati ya masika ya huku, kwa hiyo beba mwavuli.